Mgongo wa Mzee Chege

Siku Ngure alipokuja kumwacha Mbithe wangu, mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikikunja taulo, na vidole vyangu vinanuka mafuta ya mbarika.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Jumamosi ndiyo mbuzi watatu wa ntheo walitakiwa kufika kwangu Kalamba. Kwetu Wakamba, hao mbuzi wakishaingia boma, msichana ana kwao kwingine. Wasipoingia, hata kama mna picha mia za kukumbatiana kwa simu, huo ni urafiki tu. Boma nilikuwa nimeshafagia. Majirani nilikuwa nimeshawaambia, na Kalamba ukishaambia majirani ni kama umeapa kanisani.

Mbithe ni mtoto wa marehemu binti yangu. Nimemlea tangu akiwa na meno mawili. Alienda Nairobi kusomea kazi ya kukanda watu, mwaka mzima, nikauliza ni kukanda gani huko kunakomaliza mwaka, mimi nimekanda wanawake wa Kalamba miaka arobaini bila kalamu. Akarudi na cheti, akakodi chumba hapa Malili, nyuma ya duka la dawa, karibu na pale malori ya Mombasa yanaposimama. Ukutani akaandika kwa rangi ya bluu: MASAJI YA KINA. Hayo maneno matatu yametusumbua kuliko ukame.

Maana kila mtu aliyapita akasoma yake. Mama mmoja alikuja Jumanne akitaka tumbo liondolewe, Jumamosi ana harusi na nguo imekataa kufunga. Mbithe akamwambia mafuta ya tumbo hayakandwi yakatoka, akaenda akisema huyu msichana ni mvivu. Kilonzo, dereva wa lori, yeye kila akija anataka asikie mfupa ukilia. "Bila mlio najuaje nimepona?" Wengine wanaingia wanaangalia Mbithe, mwembamba kama bua la mtama, wanauliza mwenye kukanda yuko wapi, wakitarajia mwanamume mwenye shingo ya fahali. Na kuna wale wanaochungulia mlangoni wakitabasamu vibaya, wanauliza kama kuna na huduma nyingine. Hao anawaonyesha barabara kwa mkono uleule anaofanyia kazi.

Na mimi nilikuwa na langu. Langu lilikuwa hili: mtu asipolia, hajakandwa.

Basi hapo ndipo mambo ya mgongo wa Mzee Chege yalipoanzia.

Mzee Chege ni baba yake Ngure. Walikuja kutoka upande wa Murang'a kitambo, wakafungua duka la misumari na simiti hapa barabarani, wakazeeka nalo. Jumatatu alikuja peke yake, kofia imeshuka mpaka puani, mgongo umejikunja kama wembe wa kukunja. Mbithe akamkalisha, akampa fomu, akamuuliza maswali. Hazikupita dakika kumi mzee akatoka amekunja uso, na Mbithe nyuma yake.

"Susu," Mbithe akaniambia pembeni, maana nyanya kwetu ni susu, "huyu mzee sitamkanda kwa nguvu mpaka amwone daktari wake. Usiniulize kwa nini. Mambo ya mtu ya kwenye fomu si ya kusimulia." Akachukua kikapu, akaenda kununua sabuni.

Mzee akabaki kwenye benchi akinung'unika.

"Amekuumiza, mzee?" nikamuuliza.

"Angeniumiza ningeshukuru," akasema. "Amenipapasa kama paka. Nitaenda kuambia watu nini, kwamba mke wa mtoto wangu hana mikono?"

Mungu anisamehe. Niliona wale mbuzi watatu wakigeuka njiani na kurudi walikotoka. Nikasema moyoni, Mbinya, ukoo wako hautaitwa paka. Nikamwambia, ingia.

Mtauliza, mimi Mkamba mzima, naweza vipi kumgusa mkwe? Nililifikiria hilo. Kwetu kuna nthoni. Mkwe anaheshimiwa kwa mbali, humgusi, hata kumpa mkono unafikiria mara mbili. Lakini mbuzi hawakuwa wamefika. Bila mbuzi yeye hakuwa mkwe, alikuwa mgongo tu, na mgongo ndiyo kazi yangu. Nikatoa chupa yangu ya mbarika. Nikaingiza kiwiko. Mzee akauma taulo, machozi yakamtoka, akasema, "Hapo, hapo ndipo dawa iko." Aliondoka amenyooka kama mlingoti. Mbithe aliporudi na sabuni, mimi nilikuwa nimekaa nikichambua maharagwe kama mtakatifu.

Sasa ni Alhamisi, na Ngure anaingia.

Ngure ni kijana mpana, mpole, vumbi la simiti halimtoki kwenye nyusi hata siku ya kanisa. Pazia nililokuwa nyuma yake alilitundika yeye. Mbithe alienda dukani kwao kununua misumari minne, Ngure akamwuliza ya nini, akaja kuipiga mwenyewe, akaipiga mchana kutwa. Misumari minne. Ndipo nikajua. Tangu hapo, miezi kumi na minane, kila akiingia humu macho yake yanatafuta kwanza mikono ya Mbithe, kisha uso. Siku hiyo hayakutafuta kitu. Yalitazama sakafu.

"Karibu," Mbithe akasema. "Ungepiga simu ningeweka chai."

"Sikuja kunywa chai."

"Keti basi."

"Sikuja kuketi. Ulimfanya nini baba?"

"Baba yupi?"

"Mbithe, tafadhali. Mama alimwona jana akioga. Mgongo wote umevilia damu, ni mweusi kutoka hapa mpaka huku chini, kama mtu aliyekanyagwa na punda. Tumempeleka hospitali. Daktari anauliza nani amempiga, na mzee anaangalia dari."

Mimi huko nyuma taulo ikanianguka.

"Yuko sawa?" Mbithe akauliza. Hakuuliza nani amesema, wala lini. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza kumtoka. "Walimpima damu? Anakojoa vizuri?"

"Yuko sawa. Wamempima, wamesema itaisha polepole. Yuko hapo nje kwa pikapu na mama. Sasa nijibu."

"Mimi sikumkanda hivyo."

"Alikuja hapa. Pikapu yetu ilisimama hapo Jumatatu, Malili nzima iliiona."

"Alikuja. Akataka kitu, nikakataa."

"Ulikataa kwa nini?"

"Siwezi kukuambia."

"Mimi ni mtoto wake."

"Muulize yeye basi. Akitaka atakuambia."

"Nimemuuliza. Anasema alianguka. Alianguka wapi, juu ya viwiko?" Ngure akapitisha mkono usoni. "Keshokutwa tunaleta mbuzi, na wewe una siri na baba yangu."

Mbithe akacheka, kicheko kile ambacho hakina furaha ndani. "Si siri yangu. Ndiyo maana siitoi."

Nilitaka kutoka wakati huo. Naapa. Mguu mmoja ulishatoka. Lakini Ngure akaendelea, na mguu ukarudi wenyewe.

"Watu wanasema, Mbithe."

"Wanasema nini?"

"Unajua."

"Sijui. Sema, wewe ndiye umekuja na mdomo."

"Wanasema bibi ya Ngure atakuwa anashika migongo ya madereva kutwa nzima."

"Na wewe unasemaje?"

Lori likapita huko barabarani, dirisha likatetemeka, likanyamaza. Nikamwomba Mungu ampe huyo kijana akili kidogo, hata ya kukopa.

"Mimi nasema," Ngure akasema polepole, "ukishaolewa ungebaki na akina mama tu."

Hakumpa. Wanaume. Unamwombea mvua, yeye anafungua mwavuli.

"Kumbe si mgongo wa baba yako," Mbithe akasema. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Huo ni mlango tu umepitia. Hili umekuwa nalo lini?"

"Siku nyingi."

"Miezi kumi na minane unakaa na hili, unakula chapati zangu juu yake."

"Ningesemaje?"

"Kwa mdomo." Akashika kile kitanda chake cha kazi, kile chenye tundu la kuweka uso. "Ngure, umewahi kulala hapa?"

"Hapana."

"Ni mara ngapi nimekuambia njoo nione hilo bega la kulia? Limeinuka kama bega la kuku anayetaka kuatamia. Mifuko ya simiti unaibeba upande mmoja tangu uwe mtoto. Kila nikikuambia, una kazi. Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

Ngure akaangalia pazia. Mimi nikaacha kupumua.

"Nilijua sitaweza kulala hapo, wewe unanigusa, halafu..." Akapangusa vumbi la nyusi. "Halafu nisikutamani. Nikasema, kama mimi ni hivyo, hao wengine je?"

Sasa hapo, hata mimi na hasira zangu, nilimwonea huruma. Alikuwa amekuja na ukweli wake, mdogo, wa aibu, ameushika kama mtu aliyebeba yai sokoni. Mbithe akachukua shuka safi.

"Vua shati. Lala."

"Mbithe, mama yuko nje."

"Mwache. Umekuja kuniacha, si ndiyo? Usiniache kwa kitu hukijui. Kijue kwanza."

Akageuka akatazama ukuta mpaka kijana akalala kifudifudi. Akamfunika shuka mpaka kiunoni, akakunja ukingo vizuri kama kitanda cha hospitali. Mimi ni mzee, si kipofu. Pazia lina tundu.

"Unakunywa dawa yoyote?" akamuuliza.

"Unanijua, Mbithe."

"Nauliza kila mtu. Dawa yoyote? Presha? Sukari? Umewahi kufanyiwa upasuaji? Kuna mahali hutaki niguse?"

"Hapana. Hakuna." Kisha, kutoka ndani ya lile tundu: "Na baba ulimuuliza hivi?"

Mbithe akamimina mafuta yake, yale yasiyonuka kitu, akayapasha viganjani. Akaweka mkono, kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko, juu ya bega la Ngure, si kiwiko, mkono, akaegemea. Hakusukuma. Aliegemea tu, kama mtu anayeegemea mlango wa jirani akingoja kufunguliwa.

"Moja mpaka kumi, hii inauma ngapi?"

"Nne."

"Ikifika saba unaniambia. Ukinyamaza kwa ushujaa, nitajua, na nitaacha."

Akaenda polepole. Polepole mpaka nikakasirika. Mimi wakati huo ningekuwa nimeshamaliza mgongo, miguu, na nimeshaanza kulalamikia chai. Yeye alikaa mahali pamoja, upana wa kidole kimoja mgongoni, akingoja. Na nikaona kwa macho yangu lile bega la kuku likishuka. Lilishuka lenyewe, kama mtu aliyeambiwa habari njema akakaa chini.

"Nilifikiri itauma zaidi," Ngure akasema.

"Inauma?"

"Inauma kidogo, halafu inaachilia."

"Basi."

Ngure akasema tena, "Hujaniangalia hata mara moja."

"Naangalia bega."

"Ni kama mimi ni Kilonzo."

"Hapa wewe ni bega. Kilonzo ni kiuno. Mwalimu wa kwaya ni shingo. Ngure yuko huko nje kwenye benchi na hasira zake, nitamkuta nikimaliza."

"Na wewe hujakasirika?"

"Nimekasirika sana," Mbithe akasema, na mkono wake haukuongeza uzito hata wa unyoya. "Lakini bega halijanikosea."

Nilisikia kijana akivuta pumzi ndefu, ikakatika katikati. Sijui kama alilia. Uso ulikuwa ndani ya tundu, na tundu hilo ni la siri kuliko sanduku la kura. Mkono wake mmoja ulining'inia pembeni, ukafunguka, kiganja juu, kama anaomba kitu. Mbithe aliuona. Aliutazama ule mkono kwa muda, macho yamejaa, kisha akaushika kwa kitambaa akaufunika ndani ya shuka, kwa sababu ulikuwa unapigwa na upepo, na alikuwa kazini.

Mlango ukafunguka.

Mama Ngure, jina lake Gakenia, ni mwanamke anayeingia mahali na mkoba mbele. Mkoba ukaingia, yeye akafuata, akasimama.

"Ngure," akasema. "Nimekaa kwa hilo gari kama mkaa ulio jikoni nikingoja uvunje uchumba. Wewe umevua shati."

Ngure akataka kuinuka.

"Usiinuke haraka, utapata kizunguzungu," Mbithe akamwambia, akamvutia shuka mabegani. "Mama, karibu. Pole kwa mzee."

"Pole unaipeleka wapi? Ulimpiga na mchi?"

"Sikumkanda mimi."

"Ni nani, malaika? Mimi sikukatalia mtoto wangu Mkamba. Sikukatalia hata hii kazi, nilisema ni kazi. Watu waliniambia, nikanyamaza. Kisha naona mume wangu na mgongo kama zambarau. Mwingine ananiambia eti hiyo ni damu chafu inatoka, nishukuru. Nishukuru? Jumamosi hatuji. Hao mbuzi nitawauza au nitawala, lakini Kalamba hawaendi."

Mbithe alichukua taulo akaanza kupangusa vidole, kimoja kimoja. Angeweza kusema. Neno moja la kwenye ile fomu lingemtoa lawamani, na alilimeza.

Nikatoka nje kwa mlango wa nyuma.

Mzee Chege alikuwa kwenye pikapu, ameketi mbele kabisa ya kiti ili mgongo usiguse kitu. Aliponiona akapandisha kioo. Nikagonga. Akakishusha vidole viwili.

"Shusha chote, mzee, si hewa nimekuja kuuza."

"Shosho wa Mbithe, ondoka hapa. Watatuona."

"Ingia ndani ukaseme ni mimi."

"Sema wewe."

"Mgongo ni wako."

"Kiwiko ni chako." Akaangalia huku na huku. "Mimi niseme nilipigwa na shosho wa miaka sabini na nne mpaka nikalia? Huko dukani nitauza hata msumari mmoja?"

"Msichana anaachwa huko ndani, wewe unafikiria misumari. Na ngozi yako nayo ni ya aina gani? Nimekanda watu miaka arobaini, hakuna aliyegeuka zambarau hivyo."

Mzee akasema kwa sauti ndogo, "Ni zile tembe."

"Tembe gani?"

"Za kufanya damu iwe nyepesi. Nilipewa hospitali mwaka jana, moyo ulikuwa unaruka. Msichana aliniuliza, nikamwambia, akasema mtu wa hizo tembe hakandwi kwa nguvu, damu inavuja chini ya ngozi. Akasema niende kwa daktari kwanza."

"Na wewe hukuniambia?"

"Hukuuliza," akasema Mzee Chege.

Nilisimama pale juani. Miaka arobaini. Nikawafikiria wanawake wa Kalamba, mmoja mmoja, Mbaluka na kiuno chake, mke wa mchungaji na ile miguu iliyovimba, wote niliowaambia uma nguo, inatoka. Sikuwahi kumuuliza hata mmoja. Nilikuwa nikisikia mtu akilia nasema, hapo, ndiyo dawa.

Nikarudi ndani kwa mlango wa mbele, kama mgeni.

Ngure alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shati mkononi. Mama yake alikuwa bado anasema. Mbithe alikuwa ameshaanza kukunja shuka, na namna alivyoikunja, kona kwa kona, nilijua ni mtu anayepanga vitu kabla ya kuanguka.

"Mama Ngure," nikasema, "nyamaza kidogo upumzike. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Mgongo. Niliukanda mimi Jumatatu, Mbithe akiwa amekwenda kununua sabuni."

"Susu," Mbithe akasema.

"Usinisusu. Ulikataa, nikaona tutaitwa paka. Nikaingiza kiwiko."

Gakenia alinitazama kutoka kitambaa cha kichwa mpaka kandambili. "Mama, najua unampenda mjukuu wako. Hata mimi ningemdanganyia wangu. Lakini na hiyo miaka, mgongo wa Chege ungeuweza?"

Hapo nilikasirika kweli. Nimekuja kujitwika kosa, naambiwa sina nguvu za kulitenda. Nikamsogezea mikono puani.

"Nusa."

"Sinusi mikono ya mtu."

"Nusa, Mama Ngure."

Akanusa. Nikaona uso wake ukibadilika, kuanzia puani kwenda juu.

"Vesti yake," akasema. "Nimeifua mara tatu. Imekataa kutoa hii harufu."

"Haitoki. Ni mbarika ya Kalamba."

Akaketi kwenye benchi, mkoba magotini. Kisha akaanza kutikisa kichwa, polepole, kama mtu anayehesabu watoto wake wote wajinga na kupata ni wengi kuliko aliowazaa. "Chege alinunua simiti mbovu, nikanyamaza. Chege alipanda maparachichi Malili, Malili hii, nikanyamaza. Sasa Chege ameambiwa na mtu aliyesoma asiguswe, akatoka hapo mlangoni akaenda kutafuta kiwiko."

"Wewe ulijua?" Ngure akamuuliza Mbithe. "Ulimuuliza dawa kama ulivyoniuliza mimi, ukajua ya tembe zake za moyo. Ndiyo maana ulikataa."

"Sijasema kitu cha tembe," Mbithe akajibu. "Umesema wewe."

"Ungeniambia tu. Nilikuwa nakuacha."

"Ungekuwa umeniacha."

Alisema bila kuinua sauti, na yule kijana aliinamisha kichwa kama aliyebebeshwa mifuko miwili bega moja. Nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia kwa mkono uleule.

"Mama," akasema, lakini alikuwa akimwangalia Mbithe, "Jumamosi tunaenda."

"Ngoja," Mbithe akasema. "Mimi sijasema mje. Kuna swali la akina mama tu. Hilo halikukandwa na susu."

Ngure akavaa shati, akafunga vifungo vibaya, kimoja juu kimoja chini. Akamsogelea, si karibu sana.

"Kitanda hicho nimekilalia," akasema. "Nilikutafuta hapo, hukuwepo. Kulikuwa na fundi tu. Niliona wivu, Mbithe, kwamba hata mimi sikupati hapo. Sasa dereva atapata nini?"

"Hilo si jibu."

"Kanda unayejua kumkanda. Mwanamume, mwanamke, Kilonzo na mlio wake. Mtu akisema, nitamwambia alete bega lake alijue kwanza." Akasita. "Na mimi unikande tena. Hili la kushoto linaona wivu."

Mbithe akanyoosha mkono, akafungua kile kifungo kilichofungwa vibaya, akakifunga mahali pake. Kimoja tu. Vidole vyake vilikaa pale kifuani kuliko vile kifungo kinavyohitaji, na safari hii hakuwa anaangalia bega.

"Mnikome, niko hapa," Gakenia akasema. Kisha akanigeukia mimi, macho membamba. "Mama. Hebu nielewe. Nyinyi Wakamba si mna ile heshima ya wakwe? Ngure aliniambia nikija huko nisikushike shike. Uliwezaje kumlalia mume wangu na kiwiko?"

"Mbuzi hawajafika," nikasema. "Kabla ya mbuzi yeye si mkwe."

"Na wakifika?"

"Wakifika simgusi mpaka nife. Hata salamu nitampungia."

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, anafikiri na midomo. Kisha akasimama, mkoba mbele.

"Ngure, piga simu nyumbani. Hao mbuzi wafungwe kamba usiku huu. Wanaenda Kalamba kesho alfajiri."

"Mama, watu wamealikwa Jumamosi."

"Watu watakuja Jumamosi. Mbuzi wanaenda kesho. Sitaki kuacha siku hata moja katikati."

Mbithe akaziba mdomo na taulo. Ngure alitoka kupiga simu na kusahau simu kitandani, akarudi kuichukua, akasahau tena kilichomrudisha, maana Mbithe alikuwa amesimama karibu nayo. Nikawaacha. Pazia nililifunga mimi mwenyewe, na lile tundu nikaliziba na pini.

Nje, Mzee Chege alikuwa ameshusha kioo chote.

"Nimesikia," akaniambia kwa kunong'ona. "Mbuzi kesho."

"Kesho alfajiri."

Akaangalia mlango, akaona mke wake bado yuko ndani. Akainama dirishani, taratibu, kwa sababu ya mgongo.

"Lakini leo bado ni Alhamisi, shosho. Hapa chini ya shingo hukufika."

Nikaingiza mkono mfukoni mwa aproni, nikatoa ile karatasi ya Mbithe niliyokuwa nimeichomoa mezani nikipita, na kalamu yake.

"Jaza fomu," nikamwambia.